Jibu: Mandara kwenda na kurudi siku moja ukitokea Tanga

Habari mkuu, nimekusoma, unataka kupanda basi la usiku Tanga, asubuhi uingie Kilimanjaro geti la Marangu, ufike Mandara (kambi ya kwanza ya njia hiyo) na jioni ushuke, ila unaogopa kichwa kuuma huko juu. Inawezekana kabisa, ila hilo la kushuka kwenye basi na kuanza kupanda hapohapo achana nalo. Sisi wa pwani tunatoka usawa wa bahari, geti lenyewe liko kama mita 1,870 na Mandara kama 2,700, sasa mwili haujalala unategemea nini? Shuka Himo, panda gari za Marangu, lala huko usiku mmoja.

Cha kwanza kucheki ni mwongozaji mwenye leseni, bila yeye hupandi hata kama ni safari ya siku moja. Kitambulisho cha taifa usisahau, viingilio vya raia viko chini sana.

Anza mapema, mchana mawingu yanashuka na msituni mvua hainaga taarifa, njia inateleza, kwa hiyo koti la mvua na sweta ni lazima hata kama Tanga umeacha jua kali. Kwenda weka masaa 3 mpaka 4. Tembea mwendo ambao unaweza kupiga stori, ukiona maneno yanakatika punguza. Kichwa kikigonga kidogo pumzika, kunywa maji, kula kitu, lakini ukianza kutapika au kuyumba SHUKA, hata kama Mandara unaiona mbele yako, tafadhali sana hapo usibishane na mwongozaji.

Ukifika na nguvu bado ipo, kreta ya Maundi (shimo la volkano ya zamani) ni kama robo saa tu kutoka pale, usiiache. Machi mpaka Mei ni masika, tafuta miezi mingine.