Mtoto akinyamaza kwenye theluji, mrudishe ndani

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unasema wewe na mume wako mmeweka akiba ya kuwapeleka wajukuu zangu Geilo, mji wa milimani wa kuteleza kwenye theluji kule Norwei, kwa wiki moja, ila hamjaamua kama muende Desemba au Februari, hujui ufungashe nini, na una wasiwasi yule mdogo wa miaka minne hataiweza baridi. Umeniuliza mimi kwa kuwa tuliishi wote kule Ås, karibu na Oslo, wakati nasomea misitu.

Nendeni Februari. Desemba jua la kule linazama mapema, saa tisa na kitu alasiri, na watoto wakichelewa kumaliza chai watakuta mchana unaelekea kwisha. Mwishoni mwa Februari mwanga upo mpaka karibu saa kumi na moja na nusu jioni, na theluji bado ni tele. Shule nyingi za kule nazo hufungwa wakati huo, kwa hiyo chumba na nafasi za mafunzo wekeni mapema. Kutoka Oslo pandeni treni ya kwenda Bergen, Geilo ipo njiani, safari ya kama saa tatu na nusu. Treni hiyo huwa na behewa la familia lenye sehemu ya watoto kuchezea, ulizia hilo unapokata tiketi.

Sasa nguo. Hapa ndipo nilipokosea mimi, na wewe ndiye uliyeumia.

Ulikuwa na miaka mitano. Nilikuvalisha fulana ya pamba, masweta mawili, na jozi mbili za soksi ndani ya buti zilizokutosha kwa jozi moja. Nilidhani wingi wa nguo ndio joto. Tukapanda treni ya mjini hadi Frognerseteren, kule juu ya Oslo, kuwaona watu wakiteremka na sledi, vile vigari visivyo na magurudumu vya kuteleza kwenye theluji. Ulikimbia, ukaanguka, ukacheka, ukatoka jasho, na ile pamba ikalinywa jasho lote. Baada ya muda ukaacha kucheka. Ukasimama tu unaniangalia, mikono umeining'iniza. Nikadhani umechoka. Nilipokuvua glavu, ncha za vidole vitatu zilikuwa nyeupe kama mshumaa. Mama mmoja wa pale, mtu mzima, hakuniuliza kitu. Alifungua koti lake, akaviingiza vidole vyako kwapani mwake, akatulia hivyo hivyo mpaka ukaanza kulia. Mimi nilitetemeka, yeye alitabasamu: kulia kwako kulimaanisha damu inarudi.

Tangu siku ile nalijua jambo moja ambalo nataka ulishike kuliko mengine yote ya barua hii. Mtoto mdogo akizidiwa na baridi hasemi. Ananyamaza. Usisubiri aseme. Kila nusu saa msimamishe, ingiza kidole nyuma ya shingo yake, umguse vidole vya mikono, umwambie achezeshe vya miguu. Shingo ikiwa ya moto na kavu, mwache acheze. Ikiwa na jasho, mpunguzie nguo moja. Ukiona alama nyeupe shavuni au puani, ifunike kwa kiganja chako kikavu chenye joto, kisha ingieni ndani. Usisugue, na usikubali mtu akuambie umsugue kwa theluji.

Kwa hiyo inayogusa ngozi iwe sufu, juu mpaka chini. Sufu hata ikipata unyevu bado inatunza joto, pamba hapana. Katikati sweta moja, na nje ovaroli isiyopitisha maji wala upepo. Soksi za sufu jozi moja tu, na buti ziache nafasi vidole vicheze, kwa sababu mguu uliobanwa haupati damu vizuri. Glavu za mdogo ziwe zile zinazoweka vidole vinne pamoja. Beba jozi ya akiba ya glavu na soksi kwa kila mtoto, kila siku, kwenye mfuko mkavu, maana zikishalowa nje huko hazikauki. Ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni kutelezea, buti zake na helmeti msinunue, mkodi huko huko Geilo. Fedha yenu iishie kwenye sufu na glavu.

Mjukuu wangu mkubwa msuke twende kilioni kabla ya safari, bila shanga, nywele zilale ili helmeti imkae sawasawa. Kofia ya sufu hukausha nywele zetu na kuzikata, hivyo ishonee kitambaa cha satini kwa ndani. Wapake mafuta mazito usoni na midomoni, hewa ile inapasua ngozi. Na miwani ya jua ni ya lazima, hata kwa huyo mdogo: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza ngozi na macho, na weusi wetu hauyakingi macho.

Mkubwa mwandikisheni shule ya ski ya watoto siku mbili za kwanza. Baba yake asimfundishe. Atataka mtoto aelewe upesi, na mtoto ataichukia ski bure. Baadaye wabaki kwenye njia za kuteleza zenye alama ya kijani, ndizo rahisi kuliko zote, na wasitoke nje ya njia zilizowekewa alama, kwani huko theluji inaweza kuporomoka. Mdogo anatosheka na saa moja na nusu asubuhi. Halafu ndani, chakula, usingizi, na mchana mumpeleke kwenye sledi, akae, miguu mbele, helmeti kichwani, kwenye mteremko usioishia kwenye miti wala barabara. Siku moja msifanye chochote. Najua mmelipa, lakini hiyo siku ya kupumzika ndiyo itakayowafanya wapende siku zinazofuata.

Mkipanda gari, mvueni mtoto lile koti nene kabla ya kumfunga mkanda wa kiti chake, kisha umfunike nalo juu. Koti nene linaulegeza mkanda bila wewe kujua.

Chakula cha mlimani ni ghali, na wenyeji wenyewe hubeba mikate yao, kwa hiyo usione haya. Chukua unga wa ulezi huko kwenu Leicester, Uingereza, upike uji mwepesi wenye sukari, uutie kwenye chupa ya chai. Miaka ile ulikuwa unakunywa vikombe viwili kwenye benchi la theluji, mvuke umekujaa kwenye kope.

Kofia zao nimeshaanza kuzifuma, kwa mtindo ule niliofundishwa Ås. Wapime vichwa kwa kamba, juu kidogo ya masikio, kisha uilaze kamba kwenye rula na uniandikie sentimita. Na uniambie kila mmoja anapenda rangi gani.

Mama yako