Kabla hujalipia leza, uliza ni mashine gani

Wifi yangu akipika halawa ya kung'olea nywele, nyumba nzima hunukia. Vikombe viwili vya sukari, robo kikombe cha ndimu, robo ya maji, moto mdogo mpaka rangi iwe ya asali. Hudondosha tone kwenye bilauri ya maji baridi, likishikana, anaepua. Nimekua na halawa hiyo, ndiyo maana nilipoanza kuulizia leza, mashine ya mwanga wa kuunguza shina la unywele, nyumbani walinishangaa. Kuna unywele gani usiong'oka kwa halawa?

Wa kidevu. Nilianza kuota vindevu nikiwa na miaka 29. Wembe ulinipa asubuhi laini na jioni yenye kukwaruza, kisha vipele. Nywele zetu zimejipinda: ukizikata, ncha hujikunja ikarudi ndani ya ngozi. Krimu ya kunyolea ilinitia muwasho siku mbili. Uzi naupenda kwa nyusi, lakini kidevu kizima kwa uzi ni machozi.

Waksi na halawa hung'oa shina, kwa hiyo unapumua wiki tatu, nne. Ila unywele lazima kwanza ufikie kama nusu sentimita ndipo ushikike. Miguuni hilo si neno, unavaa dera. Kidevuni je? Utazungukaje sokoni na ndevu ukisubiri zifike kipimo? Na kama unapaka krimu za chunusi zenye retinoli au tretinoini, usikubali waksi usoni. Ngozi hubanduka pamoja na nywele.

Basi nikaenda leza, nikakosea mahali. Yule dada hakuniuliza lolote, alinivalisha miwani akaanza. Harufu ya nywele kuungua ni ya kawaida, lakini moto haukupoa hata usiku. Asubuhi nilikuwa na alama za mraba, nyeusi, zimepangana taya zima kama vigae. Zilichukua miezi saba kufifia.

Sababu niliielewa baadaye. Leza hutafuta weusi. Kwa mtu mweupe weusi uko kwenye unywele tu. Kwetu uko kwenye ngozi pia, na mashine isiyotufaa huiunguza ngozi kabla haijafika kwenye shina. Inayotufaa zaidi ni leza iitwayo Nd:YAG, ya mawimbi marefu ya nanomita 1064, ambayo hupenya chini bila kung'ang'ania rangi ya juu. Alexandrite, ya 755, ni ya ngozi nyeupe. Uliza jina la mashine kabla hujatoa pesa. Anayebabaika kukujibu, muage kwa heshima.

Mara ya pili nilimwendea daktari wa ngozi. Cha kwanza aliniuliza kuhusu hedhi yangu, si kidevu, kwa sababu ndevu kwa mwanamke mara nyingi ni habari ya homoni, na homoni zisipotulizwa nywele hurudi. Akajaribu sehemu ndogo chini ya sikio, akanirudisha nyumbani nikaiangalie. Ndipo tukaanza: mara nane, kila baada ya wiki sita hivi, kwani leza huukamata unywele ulio katika kukua tu, na nywele hazikui zote pamoja. Siku moja kabla unanyoa kwa wembe. Kung'oa marufuku, maana ukiondoa shina leza haina cha kushika. Na jua ulikimbie.

Pesa zile zingeninunulia friji. Sasa nina vinywele vitano, sita, navitoa kwa kibano mara moja kwa mwezi. Anayekuahidi kwamba hazitaota tena maisha anakuuzia maneno; zinapungua na kuwa laini.

Miguu nimemwachia wifi. Juzi, sufuria ikiwa motoni, alinishika kidevu akakigeuzia dirishani, akauliza kama mashine hiyo itamfaa na yeye, maana vindevu vyake vimeanza kuwa vyeupe. Nikamwambia leza haioni mvi. Hizo zinataka sindano ya umeme, shina moja moja.

"Moja moja?" akasema, akarudi kukoroga.