Jibu: Nachoka hata Jumapili, furaha ya wokovu iko wapi?

Bwana asifiwe, dada. Umeuliza utapataje pumziko wakati genge unafungua alfajiri na Jumapili unashinda unafua. Nimepita huko. Nalima zabibu Hombolo, tunavuna mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika nilikuwa nasinzia ibadani mpaka mzee wa kanisa ananigusa bega (aibu yake acha tu).

Mathayo 11:28, pale Yesu anapowaita waliochoka awapumzishe, niliishika miaka mingi, nikaruka mstari wa 29. Hapo Yesu anataja nira! Sisi tuliolima kwa maksai tunajua nira si kitanda, ni chombo cha kazi. Pumziko lake linakukuta ukiwa kazini. Basi siku hizi kabla sijashika mkasi wa kupogolea nakaa chini dakika kumi, simu nimeiacha nyumbani, naongea naye. Siku nyingine sisikii kitu, upepo tu na vumbi letu la Dodoma.

Ila kufua Jumapili, hapana. Maji yakitoka Ijumaa, wape watoto mabeseni. Na furaha usiisubiri mpaka mambo yanyooke, Paulo aliwahimiza Wafilipi wafurahi yeye akiwa kifungoni. Genge likipoa mchana, anzia hapo.