Umelipia ramani, sawa, ila ramani bado si yako

Ukisimamia miradi ya ujenzi hii utakutana nayo tu, mteja anakuja anakwambia "akitekti nimeshammalizia pesa yake yote, ramani ni mali yangu, hebu nijengee nyingine kama hii kwenye kiwanja changu cha pili". Mimi nimeshaisikia sana na huwa najibu kitu kimoja, lete mkataba tuusome.

Maana karatasi unazo, faili unazo, lakini hakimiliki inabaki kwa aliyechora (au kampuni yake kama ameajiriwa) mpaka aihamishe, na nchi nyingi zinataka hilo liwe kwa maandishi na saini. Wala usitafute cheti cha usajili, chini ya Mkataba wa Berne (makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki) ulinzi unaanza wenyewe mchoro ukishachorwa, ramani za majengo zimetajwa humo waziwazi, na kwa kawaida unadumu maisha yote ya mchoraji na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kinacholindwa ni mchoro, sio wazo la kuweka jiko nyuma, ila pia usidhani ukiipindua ramani kushoto kulia na kuhamisha mlango mmoja basi umesalimika.

Aliyelipa kwa kawaida anahesabiwa ana ruhusa ya kujenga jengo lile, pale pale. Zaidi ya hapo ni kubishana.

Sasa balaa lenyewe ni akitekti akiondoka katikati. Kuna mradi niliukuta msingi umeshamwagwa, mteja na akitekti hawaongei, akitekti mpya anaomba faili za CAD (michoro ya kompyuta yenyewe, inayoharirika) ili aendelee, yule wa kwanza anasema nilipeni kwanza ninachodai na hata mkinilipa sijaruhusu mtu aguse kazi yangu, mkataba ukifunguliwa suala la michoro halimo kabisa, basi saiti ikalala huku mashine za kukodi zinaendelea kuhesabu siku. Ndio maana siku hizi kabla sijapokea mchoro wa kwanza nataka kifungu kiseme mteja anaruhusiwa kujenga, kumalizia, kukarabati na kuongeza jengo, kwamba ruhusa hiyo anaweza kumpa mshauri mwingine, kwamba haifi mkataba ukivunjwa, na faili zitakabidhiwa za kuharirika sio PDF peke yake. Akitekti akitaka ruhusa ianze akishalipwa, mi naona ni haki yake, iandikwe tu inahusu malipo yapi.

Kwa nyaraka anazotengeneza mkandarasi, angalia Kitabu Chekundu cha 1999 cha FIDIC (mkataba wa mfano wa ujenzi wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), kifungu 1.10, mkandarasi anabaki na hakimiliki lakini mwajiri, yaani mteja, anapewa leseni isiyokatishwa ya kunakili, kutumia na hata kurekebisha kwa ajili ya kazi ile. Mimi huwa naanzia hapo.

Halafu injinia wa straksha na yule wa umeme wana haki zao wenyewe, akitekti hawezi kukugawia asichokuwa nacho, kwa hiyo kifungu kile kile kiingie kwenye mikataba yao pia. Na tafadhali, mpango kazi wa mzabuni aliyeshindwa usimpe aliyeshinda "aangalie angalie", nimewaona wanaofanya hivyo kama utani.

Ofisini weka rejista ya michoro, nani kapewa, toleo gani, kwa matumizi gani, na kila anayepokea asaini.