Dawa ya mji wa mimba inagusaje figo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma ukunga mwaka wa pili. Wodini tulikuwa na mama aliyewekewa dripu ya uchungu tangu alfajiri, chupa baada ya chupa ya dekstrosi, yaani maji ya sukari. Jioni alilalamika kichwa, akatapika, akaanza kuchanganyikiwa, na mkojo ulikuwa kidogo mno. Sista mkuu alifunga dripu akasema oksitosini imemjaza maji. Si dawa ya kukaza mji wa mimba hiyo? Figo zinaingiaje?
Mkunga mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti yangu. Sista wako aliona sawasawa, na nimefurahi kwamba hukuridhika mpaka uulize sababu.

Oksitosini ina ndugu yake, vasopresini, homoni inayoziamuru figo zirudishe maji mwilini badala ya kuyaachia yatoke na mkojo. Zote mbili hutolewa na sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari, na kila moja ni mnyororo wa asidi amino tisa tu, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini. Chukua kalamu uziandike, moja chini ya nyingine. Oksitosini: sisteini, tirosini, isolusini, glutamini, asparajini, sisteini, prolini, lusini, glisini. Vasopresini: sisteini, tirosini, fenilalanini, glutamini, asparajini, sisteini, prolini, arginini, glisini. Umeona? Zinaachana nafasi ya tatu na ya nane, basi. Mfuatano wa oksitosini ulifumbuliwa na Vincent du Vigneaud wa Marekani, akaiunda maabara mwaka 1953, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Sasa tuje kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli ambazo homoni hushika ili kutoa amri yake. Nafasi ya nane ndiyo niliyokuwa nikikaa nayo muda mrefu darasani. Lusini haina chaji na hukwepa maji. Arginini ni ndefu na ncha yake ina chaji chanya. Kipokezi cha vasopresini kwenye figo hushikana vizuri zaidi na homoni yenye chaji hiyo mahali hapo. Kipokezi cha mji wa mimba nacho hupendelea isolusini katika nafasi ya tatu. Kuku ni mfano mzuri: homoni yake, vasotosini, ina isolusini ya tatu na arginini ya nane, na hiyo moja humsaidia kutaga yai na pia kubana maji.

Lakini kupendelea si kukataa wengine. Kwa kuwa asidi amino saba ni zilezile, oksitosini hushika pia kipokezi cha figo, ila kwa udhaifu. Sindano ya yuniti 10 ya msuli mtoto akishatoka haisumbui figo. Dozi kubwa ya dripu kwa saa nyingi ni habari nyingine: molekuli zinakuwa nyingi kiasi kwamba hata ushikaji dhaifu unatosha kuziamsha figo zianze kubana maji. Na dekstrosi haina chumvi. Sukari yake ikishatumika yanabaki maji matupu, sodiamu ya damu inashuka, ubongo unavimba. Maumivu ya kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa ulikoona ndiko kunakotoka huko, na kukiachwa huja degedege, ambayo wodi ya wazazi inaweza kudhani ni kifafa cha mimba. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Kwa hiyo oksitosini ya dripu ichanganywe kwenye salaini ya kawaida au Ringa, ambazo ni maji ya dripu yenye chumvi, si dekstrosi tupu. Matone yahesabiwe kwa saa, si kwa kukadiria kwa macho. Maji yanayoingia na mkojo unaotoka viandikwe, kila zamu, bila kuruka. Na mama aliye kwenye dripu akikwambia kichwa kinamuuma huku mkojo umepungua, funga dripu kwanza, kisha mwite daktari na uombe sodiamu ipimwe.