Usinunue amplifaya ya antena kabla hujazima swichi kuu

Tafadhali usiinunue. Umeandika kwamba redio yako ya AM inatoa mkwaruzo mtupu usiku, kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa antena yenye amplifaya itakuletea stesheni za mbali, kisha ukauliza saa nzuri ya kusikiliza. Mimi niliuziwa maneno hayo hayo, na kifaa changu leo kinazuia mlango usibamizwe na upepo, kazi ambayo kwa haki kinaifanya vizuri.

Amplifaya haichagui. Inakuza stesheni pamoja na kelele, kwa hiyo sauti iliyofunikwa na mkwaruzo hubaki imefunikwa vile vile, ila sasa majirani nao wanausikia mkwaruzo huo. Baya zaidi, stesheni ya karibu yenye nguvu iliilemea redio yangu hadi mtangazaji wake akawa anajitokeza katika masafa asiyopangiwa, nami nikashangilia nikidhani nimenasa nchi ya mbali. Muuzaji, ambaye sidhani kama amewahi kuzungusha kitufe cha redio giza likishaingia, nilipomrudia alinishauri ninunue kubwa zaidi!

Kelele ilikuwa inatoka ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Tia redio betri, iweke mahali pasipo na stesheni katika masafa ya kati, yaani hiyo AM, ambayo Afrika na Ulaya huanzia 531 hadi 1602 kilohezi, kisha zima swichi kuu ya umeme. Mkwaruzo ukikoma, rudisha umeme na uwashe kifaa kimoja kimoja, ukianza na chaja na taa za LED. Kwangu ilikuwa chaja ya simu: nilipoichomoa, mngurumo ulikatika ghafla, na chini yake kulikuwa na mtu anasoma habari, bila shaka alikuwepo siku zote.

Antena ya AM unayo tayari. Ni kijiti cha feraiti, aina ya kitu chenye sifa za sumaku, kilicholala ndani ya redio, wala si ule mkonga wa chuma unaovutwa, ambao katika redio nyingi za mkononi ni wa FM na masafa mafupi. Ncha ya kijiti ikielekea kwenye chanzo, mapokezi hudhoofika sana, kwa hiyo izungushe redio yenyewe polepole mpaka kelele iliyosalia ipungue.

Kuhusu saa, subiri jua lizame, kwa kuwa tabaka la chini la ionosfea, ile sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji za umeme, linalofyonza mawimbi haya mchana hutoweka usiku. Na kama umekwisha kumlipa muuzaji huyo sehemu ya fedha, kamdai leo hii, kabla hajaufungua mzigo.