Reti ya mtoto imepotelea wapi? Maswali yenu kuhusu mashindano ya sataranji

Kukiwa na mashindano ya wikendi hapa Nairobi, simu yangu hupokea maswali ya aina mbili: ya Alhamisi yana woga, ya Jumatatu yana hasira. Mengi yanahusu reti, ile namba inayopima nguvu ya mchezaji, inayotolewa na FIDE, shirikisho la sataranji duniani. Leo naanza na la Jumatatu.

Mwalimu, mwanangu ana miaka 9. Tulilipia mashindano tukiambiwa yanahesabiwa na FIDE. Alipata pointi 3 na nusu kati ya 6, tukashangilia hadi nyumbani. Miezi mitatu imepita na bado hana reti. Tumelaghaiwa? – Mama wa Umoja

Hapana, mama. Nimeikagua ile karatasi ya matokeo uliyoipiga picha, raundi kwa raundi. Kijana alishinda mara tatu, sawa. Lakini wawili kati ya aliowashinda hawakuwa na reti, na wa tatu hakufika ukumbini. Pointi ya mpinzani aliyekosa kufika huingia kwenye jedwali la mashindano, lakini kwenye hesabu ya reti haimo, kwa sababu hakuna mchezo uliochezwa. Na wawili wasio na reti wakikutana, FIDE haina cha kupimia. Ni kama kupima urefu wa mtu kwa kamba ambayo yenyewe haijapimwa.

Zinabaki raundi tatu dhidi ya wenye reti: alipoteza mbili, akatoka sare moja. Hiyo sare ndiyo dhahabu yako. Anayeanza akitoka bila hata nusu pointi dhidi ya wenye reti, mashindano hayo yote hutupwa. Ya mwanao hayakutupwa. Anahitaji michezo isiyopungua mitano dhidi ya wenye reti, na si lazima yote itoke shindano moja. Inaweza kukusanywa ndani ya miezi 26. Kwa hiyo anadaiwa miwili tu.

Akiifikisha mitano, FIDE humwongezea sare mbili za kufikirika dhidi ya mpinzani wa 1800, kisha hesabu inapigwa. Ikitoka chini ya 1400, jina halitoki na reti, anaendelea kucheza. Orodha mpya hutolewa tarehe 1 ya kila mwezi, basi usiitafute kila asubuhi. Na ile karatasi, mama, usiitupe.

Shikamoo mwalimu. Mara ya mwisho nilicheza 2019, reti yangu ikiwa 1420, baada ya miaka mingi ya mashindano. Sasa nimestaafu na mikono inawasha. Nasikia kumbi zimejaa watoto. Mtu wa miaka 63 atakaa wapi? – Mzee wa Ngara

Wewe ndiwe wa kuamkiwa, mzee wangu. Shikamoo. Utakaa popote jina lako litakapobandikwa, na mbele yako huenda akaketi mtu ambaye miguu yake haifiki sakafuni.

Kwanza habari njema. Reti yako haikufutwa, ilikuwa imelala tu. Tena imenenepa ikiwa usingizini. Tarehe 1 Machi 2024 FIDE ilipandisha kiwango cha chini kutoka 1000 hadi 1400, na kila aliyekuwa chini ya 2000 akaongezewa asilimia 40 ya pengo lililombakizia kufika 2000. Wewe ulibakiza 580, ukaongezewa 232. Uko 1652 bila kusogeza kete. Ila kama waandaaji wana kitengo cha reti za chini, uliza mpaka wake kabla hujalipa, maana huenda nyongeza hiyo imekutoa humo.

Sasa habari ya watoto. Tuseme umepangwa na msichana wa 1450. Akikushinda, atapanda pointi 30 na wewe utashuka 15. Si upendeleo: aliye chini ya miaka 18 na reti isiyofika 2300 huhesabiwa kwa kizidisho (namba inayoamua reti ipande au ishuke kwa kasi gani) cha 40, mtu mzima mzoefu wa kiwango chako kwa 20. Mtoto hukua haraka, na hesabu inajaribu kumfuata mbio. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kando ya jina la mtoto isome kama bei ya nyanya ya juzi.

Mimi mwenyewe nilipangwa na mmoja wa miaka 10, Westlands. Alikuwa akitafuna ncha ya penseli na kuandika kila mwendo kwa mwandiko mkubwa uliotoka nje ya mistari. Nilipoona ngome yangu imebanwa nikampa sare, kwa sauti ya ukarimu kabisa. Akatazama ubao, akanitazama, akasema, "La, asante." Miendo kumi na minne baadaye nilitia saini kwamba nimeshindwa. Nenda, mzee. Lakini beba miwani ya kusomea na chakula. Raundi mbili za saa ndefu kwa siku moja huchosha kiuno kuliko akili.

Raundi ya 4 ni Jumapili saa tatu asubuhi, na mimi siachi ibada. Nitatolewa? – Muumini, Kayole

Hutatolewa. Mfumo wa Uswisi hautoi mtu. Unakupanga tu na mwenye pointi kama zako. Mashindano mengi huruhusu kuomba bai ya nusu pointi kwa raundi moja, yaani unaikosa raundi hiyo na bado unapewa nusu, lakini iombe mapema, kwa maandishi, kabla ya raundi kupangwa. Ukikaa kimya usitokee, unapata sufuri, na mpinzani wako aliyetoka Ruiru alfajiri anakaa akitazama kiti. Na ukitoka kanisani ukakwama Barabara ya Jogoo, hilo si la mwamuzi: waandaaji wasipotaja muda wa kusubiri, sheria haikupi hata dakika moja.

Mpinzani wa binti yangu aligusa askofu, akaona atamezwa, akasema alikuwa anamrekebisha tu. Akacheza farasi. Binti yangu akaendelea, akashindwa. Tukate rufaa? – Baba Wawili, South B

Mmeshachelewa, baba. Anayetaka kurekebisha kete husema kwanza ndipo aguse, tena awe na zamu. Akigusa makusudi kabla ya kusema, huyo askofu lazima atembee kama ana njia halali. Hapo haki ilikuwa ya binti yako.

Lakini haki hiyo hufa pale naye anapogusa kete yake kwa kusudi. Mfundishe hivi: mikono mapajani, asimamishe saa, ainue mkono, amwite mwamuzi, aseme tu alichokiona. Watoto wengi huona haya kuinua mkono mbele ya mtu mzima. Huko nyumbani mfanyie mazoezi. Wewe uwe yule mdanganyifu. Na wewe ukiwa mtazamaji, hata ukiona kwa macho yako, usiseme neno ubaoni.

Nikiiweka simu kimya si inatosha? – Fundi, Kariobangi

Haitoshi. Izime kabisa, na iwe kwenye mkoba kama mwamuzi ameruhusu, si mfukoni. Rafiki yangu alikuwa na malkia zaidi, mpinzani ameshaanza kupumua kwa nguvu, ndipo ikalia: alikuwa anarudishiwa shilingi 200 alizokopesha mtu. Mchezo ukaishia hapo, akahesabiwa ameshindwa, na saa yake ilikuwa bado na dakika 31.